Ikolojia, Ubwana na Baraza la Mtaa: Safari ya Wazo kutoka Vermont hadi Rojava

Historia ya fikra za kisiasa aghalabu huandikwa kana kwamba mawazo husafiri kwa vitabu na vyuo vikuu pekee. Wazo la kuunda jamii isiyo na ubwana, yenye uchumi unaofuata kanuni za ikolojia, lilipita njia nyingine. Lilianza kwa mfanyakazi wa viwandani nchini Marekani, likaingia katika gereza la kisiwani nchini Uturuki, kisha likatua katika mashamba ya ngano ya kaskazini mwa Syria. Katikati ya njia hiyo ipo Nairobi. Makala haya yanaifuatilia safari hiyo na kuhoji ni kipi kilichosalia cha wazo hilo lilipokutana na vita, mafuta na uhaba wa maji.

Murray Bookchin alizaliwa New York mwaka 1921, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Hakuwa mwanachuo. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, baadaye katika kiwanda cha magari, na siasa alijifunza katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1962 alichapisha, kwa jina la bandia la Lewis Herber, kitabu kuhusu madhara ya kemikali katika vyakula na mazingira. Miezi michache baadaye kitabu mashuhuri zaidi cha Rachel Carson kuhusu viuadudu kilitoka na kukifunika kabisa. Mchango wake wa kudumu, hata hivyo, ulikuwa katika swali alilolirudia kwa miongo minne: je, binadamu alianza kuitawala maumbile kisha akamtawala binadamu mwenzake, au ni kinyume chake?

Katika *The Ecology of Freedom* ya mwaka 1982, jibu lake lilikuwa kinyume chake. Ubwana ulianza ndani ya jamii: wazee juu ya vijana, wanaume juu ya wanawake, makuhani na wapiganaji juu ya wengine. Mazoea hayo ya kuamuru na kutii ndiyo yaliyomfanya binadamu aione hata dunia kama kitu cha kuamrishwa. Hapa Bookchin aliachana na Umaksi, kwa kuwa aliona kwamba jamii inaweza kufuta matabaka ya kiuchumi na bado ikabaki na ubwana. Alikosoa pia tabia ya kuwavika wanyama vyeo vya kibinadamu, kama pale simba anapoitwa mfalme. Hoja hiyo ina uzito kwa msomaji wa Kiswahili, aliyezoea hadithi za mfalme wa nyika. Simba hatozi kodi wala hatoi amri. Yeye ni sehemu moja ya mtandao wa viumbe wanaotegemeana, na uthabiti wa mtandao huo hutokana na wingi wa aina za viumbe vilivyomo.

Kutokana na kanuni hiyo alichora muundo wa siasa: mabaraza ya ana kwa ana katika vitongoji, wajumbe wanaotumwa na kuweza kuondolewa wakati wowote, na shirikisho la mabaraza badala ya dola. Ardhi na viwanda vingesimamiwa na mabaraza hayo. Huko Vermont, alikoishi hadi kifo chake mwaka 2006, wasikilizaji wake walikuwa wachache, na ugomvi wake na wanamazingira wengine uliwapunguza zaidi.

Msomaji asiyetarajiwa alikuwa Abdullah Öcalan, mwasisi wa chama cha wapiganaji wa Kikurdi cha PKK, kilichoundwa mwaka 1978 kwa misingi ya Umaksi na Ulenini na kuanza vita dhidi ya Uturuki mwaka 1984. Alipofukuzwa Syria mwaka 1998, alihangaika katika nchi kadhaa hadi akafichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki jijini Nairobi. Huko alikamatwa tarehe 15 Februari 1999 alipokuwa akipelekwa uwanja wa ndege. Katika Afrika Mashariki tukio hilo hukumbukwa kama kisa cha majasusi. Matokeo yake ya kifikra hayajapewa uzito yanaostahili. Öcalan alihukumiwa kifo, adhabu iliyobadilishwa baadaye kuwa kifungo cha maisha, na katika kisiwa cha İmralı akawa msomaji. Mwaka 2004 mawakili wake waliwasiliana na Bookchin, ambaye wakati huo alikuwa mzee mgonjwa. Mwaka uliofuata Öcalan alitangaza kuachana na lengo la dola la Wakurdi na kutaka shirikisho la kidemokrasia lenye nguzo tatu: mabaraza, ukombozi wa wanawake na ikolojia.

Nafasi ya kuyatekeleza hayo ilipatikana Julai 2012, majeshi ya Syria yalipoondoka katika sehemu kubwa ya maeneo ya Wakurdi. Januari 2014 Jazira, Kobani na Afrin zilijitangazia utawala wao. Ngazi ya msingi ilikuwa *komîn*, baraza la kaya za mtaa au kijiji. Msomaji wa Tanzania atakumbuka hapa mfumo wa nyumba kumi wa TANU. Hata hivyo, mfanano huo ni wa ukubwa tu, kwani balozi wa nyumba kumi alipokea maelekezo kutoka kwenye chama, ilhali *komîn* ilikusudiwa kuyapeleka juu. Kila cheo kilishikwa na wawili, mwanamke na mwanamume, na sheria zilipiga marufuku ndoa za utotoni na za mitala. Nguzo hii ya wanawake ndiyo iliyosimama imara kuliko zote. Kijiji cha Jinwar, kilichofunguliwa Novemba 2018 kwa ajili ya wanawake na watoto wao, kilijengwa kwa matofali ya udongo.

Nguzo ya ikolojia ilikuwa dhaifu. Chini ya chama cha Baath, Jazira ilifanywa ghala la ngano na pamba, Afrin shamba la mizeituni. Kilimo cha zao moja hakiondoki kwa tamko, hasa pale mkate wa watu waliozingirwa unapotegemea ngano ileile. Vyama vya ushirika viliundwa, lakini mapato makuu ya utawala yalitoka katika mafuta, mengi yakisafishwa katika mitambo ya kienyeji iliyojaza moshi vijijini na kumwaga taka katika vijito. Utawala uliojinasibu na ikolojia uliendeshwa kwa uchafuzi. Kuusamehe kabisa kwa sababu ya vita ni kurahisisha mambo, kwani kipimo hiki ni ule uliojiwekea wenyewe.

Ubwana nao haukutoweka. Picha za Öcalan zilitundikwa kila mahali, na wapiganaji walifuata amri kama askari wa jeshi lolote. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo Kobani ingeokolewa kutoka kwa Dola ya Kiislamu mwaka 2015 kwa njia nyingine, lakini mazoea ya kuamuru, kama Bookchin alivyoonya, hayaishii vitani.

Kisha yakaja yale ambayo hakuna baraza lingeweza kuyaamua. Machi 2018 Uturuki na washirika wake waliiteka Afrin na mizeituni yake. Oktoba 2019 walikichukua kituo cha maji cha Alouk, na tangu hapo wakazi wa Hasaka wamekatiwa maji mara kwa mara na kuyanunua kwa malori. Frati, ambao kwa itifaki ya mwaka 1987 Uturuki iliahidi kuuachia wastani wa zaidi ya mita za ujazo 500 kwa sekunde, ulishuka sana mwaka 2021. Shirikisho la mitaa halikuwa na chombo cha kuongea na mwenye bwawa la juu ya mto, na hapo nadharia ya Vermont haikuwa na jibu.

Tarehe 10 Machi 2025 kamanda Mazloum Abdi alitia saini mjini Damascus makubaliano ya kuzijumuisha taasisi za kaskazini-mashariki katika dola la Syria. Waraka huo unataja vivuko vya mipaka, uwanja wa ndege, na visima vya mafuta na gesi. Mabaraza ya mitaa haukuyataja kwa jina.