Ukurasa mmoja, skrini zote: historia ya tovuti zinazojirekebisha

Tarehe 25 Mei 2010, jarida la mtandaoni la A List Apart lilichapisha makala ya Ethan Marcotte, mbunifu wa tovuti kutoka Marekani. Hoja yake ilikuwa moja: tuache kuunda tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Uundwe ukurasa mmoja, nao ujipange wenyewe kulingana na upana wa skrini ya msomaji.

Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini kulifikia kulichukua karibu miaka ishirini.

Mwanzoni hapakuwa na tatizo. Tim Berners-Lee alipoifungulia dunia wavuti mwaka 1991 kutoka kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kurasa zake zilikuwa maandishi na viungo tu. Ukilipunguza dirisha, mistari ilijikunja, ukilipanua, ilijinyoosha.

Ugumu ulikuja na mapambo. Katikati ya miaka ya 1990 waliingia wabunifu waliozoea karatasi, ambayo vipimo vyake havibadiliki. Wakayachukua majedwali ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), yaliyokusudiwa takwimu, wakayatumia kubana picha na safu za maandishi mahali pamoja. Lugha ya CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa Desemba 1996, ilikuja kutenganisha maudhui na mwonekano, lakini kila kivinjari kiliielewa kivyake. Wabunifu wakaendelea kukisia upana: pikseli 640, kisha 800, kisha 1024. Skrini zilipopanuka, tovuti zilibomolewa na kujengwa upya.

Aprili 2000, Mwaustralia John Allsopp aliandika katika jarida lilelile la A List Apart akiwasihi wenzake wakubali kwamba ukurasa wa wavuti hauna kipimo kimoja. Alisomwa sana, lakini waliomfuata walikuwa wachache.

Simu ndiyo iliyowalazimisha. Zile za WAP, mfumo wa kufungua kurasa za mtandao kwenye simu, kama Nokia 7110 ya mwaka 1999, zilihitaji kurasa zilizoandikwa kwa lugha maalumu ya mfumo huo. Mwaka 2006 kivinjari cha simu cha Opera Mini kilienea duniani. Seva za kivinjari hicho zilipunguza uzito wa ukurasa kabla ya kuutuma, na kwa njia hiyo watu wengi wa Afrika Mashariki waliingia mtandaoni kwa simu za vitufe.

Kisha ikaja iPhone. Januari 9, 2007, jijini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliufungua ukurasa kamili wa New York Times mbele ya hadhira. Skrini ilikuwa na pikseli 320 kwa 480, lakini kivinjari kilizipanga tovuti za kawaida kana kwamba kina upana wa pikseli 980, kisha kikausinyaza ukurasa wote. Maandishi yakawa madogo mno, na msomaji akabaki kuyavuta kwa vidole. Kampuni nyingi zilijibu kwa kujenga tovuti za pili, zenye anwani zinazoanza na herufi m, na mara nyingi hizo zilikuwa pungufu. Mwenye kompyuta alipata habari yote. Mwenye simu alipewa kipande.

Marcotte aliondoa ubaguzi huo kwa kuunganisha mbinu tatu zilizokuwapo tayari. Kwanza, vipimo viwe asilimia: safu ya pikseli 300 ndani ya ukurasa wa 960 huandikwa asilimia 31.25, ili uwiano ubaki palepale skrini inapobadilika. Pili, picha isizidi upana wa sehemu ilimowekwa. Tatu, CSS iulize kwanza upana wa skrini, kisha iamue safu zikae ubavuni au zishuke chini. Mwenzake, Luke Wroblewski, alikuwa ameshatoa wito tangu 2009: anza kubuni kwa ajili ya simu, ndipo upanue.

Septemba 2011 gazeti la Boston Globe lilizindua tovuti iliyojengwa hivyo, na wenye shaka wakaona kwamba hata chombo kikubwa cha habari kinaweza. Mwaka huohuo Mark Otto na Jacob Thornton wa Twitter walitoa Bootstrap, mkusanyiko wa CSS iliyokwisha kuandikwa, bila malipo, wakawapa waunda tovuti kila mahali msingi wa kuanzia. Aprili 21, 2015, Google ilianza kuzipandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu katika matokeo ya utafutaji wa simu. Oktoba 2016, takwimu za StatCounter zilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba matumizi ya wavuti kwa simu na tableti duniani yamezidi ya kompyuta.

Kwetu Afrika Mashariki, watu wengi hawakuhama kutoka kompyuta kwenda simu. Simu ndiyo kompyuta yao ya kwanza. Kwa hiyo fomu ya maombi ya chuo au ratiba ya hospitali isiyosomeka kwenye simu ni sawa na mlango uliofungwa. Wala kujipanga pekee hakutoshi: picha nzito iliyosinyazwa na CSS bado inapakuliwa nzima na kula bando la msomaji.

Wakuu wa ofisi, shule na vyombo vya habari, kabla ya kuipokea tovuti mpya, ifungueni kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, na mjaze fomu yake hadi mwisho. Ikishindikana, mrudishieni fundi aimalizie kazi.