Miaka 90 ya Hammer: Studio Ndogo Iliyoiheshimu Hofu

Zimekuwapo kampuni za filamu zenye fedha nyingi kuliko Hammer, na zipo zilizosifiwa na magazeti kuliko Hammer. Zilizopendwa kama Hammer ni chache. Novemba 2024 kampuni hiyo ya Uingereza ilitimiza miaka 90 tangu iandikishwe, na filamu ilizozitengeneza kati ya 1957 na 1974, zenye makasri, majeneza na ukungu wa usiku, bado zinatazamwa, zinajadiliwa na kurejeshwa ubora wake. Makala haya yanaandikwa kwa shukrani, na yana jambo moja la kusema: filamu hizo zimedumu kwa sababu waliozitengeneza hawakuidharau hadithi ya kutisha, wala hawakumdharau aliyelipa kiingilio kuja kuitazama.

Mwanzo wake

Mwanzilishi, William Hinds, alikuwa mfanyabiashara aliyependa pia kuwachekesha watu jukwaani, na huko alijiita Will Hammer. Jina hilo alilitoa Hammersmith, eneo la magharibi mwa London. Kampuni iliandikishwa Novemba 1934, na filamu yake ya kwanza, *The Public Life of Henry the Ninth*, ilikuwa ya vichekesho. Mwaka uliofuata ikatoa *The Mystery of the Mary Celeste*, ambamo aliigiza Bela Lugosi, yule yule aliyekuwa Dracula katika filamu ya Hollywood ya 1931. Kumbe hata kabla Hammer haijajua itakuja kuwa nini, Dracula alikwisha kupita mlangoni kwake.

Mwaka 1935 Hinds alishirikiana na Enrique Carreras, mhamiaji kutoka Hispania aliyemiliki majumba ya sinema, wakaanzisha Exclusive Films ili kusambaza filamu. Hammer yenyewe ilifilisika mwaka 1937, lakini Exclusive ilibaki hai, na kwa kupitia mgongo wake watoto wa waasisi hao waliifufua Hammer baada ya Vita Kuu ya Pili. James Carreras, mwana wa Enrique, alikuwa hodari wa kuuza: aliweza kupata fedha za filamu kwa jina na bango tu, kabla mswada haujaandikwa. Anthony Hinds, mwana wa William, alisimamia utengenezaji, na baadaye akaandika miswada kwa jina la John Elder. Mwaka 1949 kampuni ya Hammer Film Productions ikaandikishwa rasmi.

Nyumba ya Bray

Wakubwa wa filamu walikuwa na studio. Hammer walitafuta nyumba. Walikodi majumba ya mashambani, wakapiga picha humo vyumbani na kwenye ngazi zake, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kujenga. Mwaka 1951 wakafika Down Place, jumba la kale kando ya Mto Thames karibu na kijiji cha Bray, si mbali na Windsor. Hapo wakatulia, wakaongeza kumbi za kupigia picha, na mahali hapo pakajulikana kama Bray Studios.

Faida ya Bray ilizidi unafuu wa kodi. Watu wale wale walifanya kazi pamoja filamu baada ya filamu, hata kila mmoja akawa anajua mwenzake anahitaji nini. Terence Fisher, aliyewahi kuwa baharia kisha mhariri wa filamu, aliongoza. Jack Asher alipanga taa na kusimamia kamera. Bernard Robinson alibuni seti, James Bernard alitunga muziki, na Jimmy Sangster, aliyeanzia kazi ndogo za kumsaidia mwongozaji, aliandika miswada. Huwezi kuieleza Hammer kwa kumtaja mtu mmoja.

Kishindo cha 1957

Mlango ulifunguliwa na televisheni. Mwaka 1953 BBC ilirusha tamthilia ya Nigel Kneale kuhusu mwanaanga anayerudi duniani akiwa anageuka kiumbe kingine, na nchi nzima ikaizungumzia. Hammer walinunua haki za kuigeuza filamu, wakaiita *The Quatermass Xperiment* mwaka 1955. Tahajia ile ilikuwa ya makusudi. Bodi ya ukaguzi ilikuwa imeanzisha mwaka 1951 cheti cha X kwa filamu zisizoruhusiwa kwa walio chini ya miaka 16. Kampuni nyingine ziliiona X kama doa, nao Hammer wakaiandika kwenye bango. Filamu ilifanya vizuri sokoni, na wakajua kwamba watu wanataka kutishwa.

Ndipo wakamgeukia Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Universal ya Marekani, iliyokuwa na filamu maarufu ya 1931, ilikuwa macho kulinda haki zake, hasa ile sura ya zimwi lenye kichwa bapa. Hammer wakalazimika kubuni upya. Phil Leakey, fundi wa kupamba sura za waigizaji, akamtengenezea Christopher Lee uso wa maiti iliyoshonwashonwa. Sangster akauhamisha uzito wa hadithi kutoka kwa kiumbe hadi kwa muumba wake. Peter Cushing akamwigiza Baron Frankenstein kama msomi mwenye adabu na akili kali, asiye na huruma hata chembe, na mtazamaji akaondoka akijua nani hasa ndiye zimwi.

*The Curse of Frankenstein* ilianza kuonyeshwa London Mei 1957. Iligharimu takriban pauni 65,000, kiasi kidogo hata kwa wakati ule, ikarudisha fedha hizo mara nyingi. Tena ilikuwa ya rangi. Filamu za kutisha za Hollywood zilizotangulia zilijulikana kwa weusi na weupe wake; hapa damu ilikuwa nyekundu, mahameli ya kijani iling'aa, na maabara ilichemka kwa rangi zisizozoeleka.

Dracula

Mwaka 1958 kikosi kile kile kikatengeneza *Dracula*, kutokana na riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Fedha hazikutosha meli, dhoruba wala mbwamwitu, hivyo Sangster akayaondoa hayo yote na kubakiza mbio za watu wawili, Dracula na Van Helsing anayemwinda. Lee, mwenye urefu wa karibu mita mbili, anatokea juu ya ngazi kama kivuli, kisha anashuka na kumkaribisha mgeni kwa sauti ya mwungwana. Baada ya maneno machache ya mwanzo hasemi tena. Mwili na macho yake humaliza kazi. Bernard alijenga muziki juu ya noti tatu zinazofuata silabi za jina Dra-cu-la, na aliyezisikia mara moja hazisahau.

Tazama tukio la mwisho ujue kazi ilivyofanywa. Cushing, aliyemwigiza Van Helsing, ndiye mwenyewe aliyependekeza akimbie juu ya meza ndefu, aruke na kuling'oa pazia ili jua liingie, kisha ashike vinara viwili vya mishumaa na kuvipishanisha viwe msalaba. Aliona amekwisha kupewa misalaba mingi mno ya kutoa mfukoni. Mwigizaji aliyefikiria hivyo hakuwa akisubiri malipo tu.

Ubahili ukageuka ustadi. Robinson alikuwa akizipanga upya seti zile zile hata ukumbi wa kasri ukawa kanisa au nyumba ya kupanga. *The Plague of the Zombies* na *The Reptile*, zote za 1966, zilitumia kijiji kimoja kilichojengwa uwanjani Bray. *Dracula: Prince of Darkness* na filamu kuhusu Rasputin zilipigwa mfululizo kwa seti zile zile na baadhi ya waigizaji wale wale, akiwamo Barbara Shelley, aliyeweza kumgeuza mke mwoga kuwa mnyonyadamu wa kuogofya bila kumpoteza mwanamke aliyekuwa ndani yake.

Shutuma, tuzo, kuanguka

Wahakiki wengi wa Uingereza walizikemea filamu hizi kama uchafu na ukatili. Watazamaji waliendelea kupanga foleni, Marekani na kwingineko pia. Mwaka 1968 Hammer ikapewa Tuzo ya Malkia kwa Viwanda, kutambua fedha za kigeni ilizoliingizia taifa. Tuzo ilikabidhiwa wakati filamu nyingine ya Dracula ikipigwa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kampuni ilikwisha kuihama Bray, na kikosi cha zamani kikatawanyika. Lee akaendelea kumrudia Dracula, mara saba kwa jumla katika filamu za Hammer, akilalamika waziwazi kwamba miswada inazidi kudhoofika. Kampuni za Marekani zilizokuwa zikitoa mtaji zikaondoka. Halafu zikaja *Rosemary's Baby* mwaka 1968 na *The Exorcist* mwaka 1973, zikaleta hofu ndani ya nyumba za kisasa. Michael Carreras, kizazi cha tatu, aliinunua kampuni kutoka kwa baba yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapambana bila mtaji wa kutosha. Fisher aliaga kwa *Frankenstein and the Monster from Hell*, filamu yenye huzuni, ambamo Cushing anamwigiza Baron kwa mara ya sita. Baada ya *The Lady Vanishes* ya 1979 utengenezaji wa filamu za sinema ukasimama.

Walioshika usukani

Hapa ndipo mashabiki wanapoingia katika historia kama wajenzi. Mwaka 1972 jarida *Little Shoppe of Horrors* lilianzishwa Iowa, Marekani, na shabiki aliyetaka kuwahoji mafundi ambao hakuna gazeti lililowahi kuwauliza lolote. Mengi tunayoyajua kuhusu Bray yameokolewa kwa njia hiyo. Mwaka 1973 David Pirie alichapisha kitabu *A Heritage of Horror*, akionyesha kwamba filamu hizi ni warithi wa riwaya za gothiki zilizoandikwa Uingereza tangu karne ya 18. Yale yaliyoitwa takataka yakaanza kuitwa urithi.

Vijana waliozitazama wakakua wakawa waongozaji. George Lucas alimwita Cushing katika *Star Wars* ya 1977, na miaka 25 baadaye akamwita Lee. Tim Burton alitengeneza *Sleepy Hollow* mwaka 1999 kwa mapenzi ya wazi kwa Hammer, akawapa nafasi Lee na Michael Gough, aliyekuwamo katika *Dracula* ya 1958.

Tendo linalonigusa kuliko yote ni la Tokyo. Kwa miongo mingi mashabiki walisimuliana kwamba Japani ilipata *Dracula* yenye vipande vilivyokatwa na wakaguzi wa Uingereza. Shabiki mmoja Mwingereza aliyeishi Japani alifuatilia, na mwaka 2011 mikanda ya mwisho ya kopi hiyo ikapatikana katika hifadhi ya taifa ya filamu. Ilikuwa imechakaa vibaya. Ikasafishwa, na vipande vile, ukiwamo uso wa Dracula unaobambuka kwa jua, vikarudishwa mahali pake. Wasiokuwa na hisa hata moja katika kampuni waliirudishia kampuni kazi yake.

Cushing alifariki mwaka 1994, Lee mwaka 2015. Huko Whitstable, mji wa pwani alikoishi Cushing, kuna mahali pa kutazamia bahari panapoitwa kwa jina lake, na watu husafiri kwenda kukaa hapo.

Leo na kesho

Jina la Hammer lilifufuliwa mwaka 2007, likaleta *Let Me In* mwaka 2010 na *The Woman in Black* mwaka 2012, iliyofanikiwa sana. Tangu 2023 liko mikononi mwa John Gore, mtayarishaji wa tamthilia za jukwaani.

Mwaka 2034 kampuni itatimiza karne. Wamiliki wake wamerithi jina pamoja na deni: kuzihifadhi kopi za zamani, kuwataja mafundi kwa majina yao, na kutengeneza filamu mpya kwa bidii ile ile ya watu wa Bray. Kwa asiyewahi kuzitazama, aanze na *Dracula* ya 1958, kisha *The Devil Rides Out* ya 1968, kisha *Frankenstein Must Be Destroyed* ya 1969. Akimaliza hizo tatu ataelewa kwa nini mashabiki hawajachoka kuidai Hammer iwe bora: ni Hammer yenyewe iliyowazoesha kazi iliyofanywa kwa moyo.