Damu ya Ndugu, Damu ya Mwanafunzi

Malaria humla mtoto damu kimyakimya. Anapofikishwa hospitalini Geita au Kahama, viganja vimekuwa vyeupe na anahema kwa taabu. Bila kuongezewa damu, huenda asione asubuhi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo sababu kubwa iliyowafanya watoto wa Kanda ya Ziwa waongezewe damu, na damu hiyo ndiyo iliyovipitisha virusi vya UKIMWI (VVU).

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Kipimo cha kuchuja damu kiliidhinishwa Marekani mwaka 1985 tu, na hakikufika wodi za vijijini kesho yake. Mwaka 1988 watafiti wa hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa, walichapisha walichokiona kwa watoto wao: waliotibiwa upungufu wa damu uliotokana na malaria walikuwa wakiambukizwa VVU kwa damu ileile iliyowaokoa. Ni vigumu kuusoma utafiti ule bila kuwafikiria watoto wa Kanda ya Ziwa, waliokuwa na malaria ileile.

Huku kwetu damu ilitoka kwa ndugu. Mgonjwa amelazwa, ukoo unaitwa, mwenye kundi linalofaa anatoa. Ni desturi ya upendo, lakini naamini ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa. Nani atakiri maisha yake ya faragha mbele ya shemeji zake, mtoto akiwa mahututi? Kwenye machimbo ya dhahabu ikawa ngumu zaidi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966; mkubwa wa sasa ulizinduliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Maelfu ya vijana walikuja kutoka mbali, wengi wakichimba maduara, yaani mashimo yao wenyewe, Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita. Kijana akifukiwa na kifusi, ndugu wa kumtolea damu ni mwenzake wa shimoni. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta VVU kwa asilimia 7.4 ya watu wazima wa mkoa wa Shinyanga, zilimo Kahama na Bulyanhulu, wakati wastani wa Bara na Visiwani ulikuwa 5.1.

Kipimo nacho kina upofu wake: virusi huweza kuwa ndani ya damu siku au wiki kadhaa kabla hakijaviona. Ndiyo maana kumchagua mchangiaji ni kinga sawa na maabara. Shirika la Afya Duniani lilihimiza uchangiaji wa hiari tangu 1975. Tanzania iliujengea mfumo mwaka 2004 kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, uliosaidiwa na fedha za Marekani, ukiwa na kituo cha kanda Mwanza. Wachangiaji wakatafutwa shuleni, mbali na kitanda cha mgonjwa. Hadi leo shule zikifungwa, majokofu ya damu hupungukiwa.

UKIMWI ulivuta macho yote; homa ya ini B, ambayo nayo hupita kwenye damu, ikabaki kivulini. Uchunguzi wa wachangiaji 1,599 wa hospitali ya Muhimbili katika 2004 na 2005 ulikuta VVU kwa asilimia 3.8, na homa ya ini B kwa asilimia 8.8. Wengi wa wenye virusi vya homa ya ini B hawajisikii wagonjwa kwa miaka mingi, huku ini likiweza kuharibika.

Chupa iliyo salama kuliko zote ni ile isiyohitajika. Chandarua na dawa ya malaria inayotolewa mapema humwepusha mtoto na sindano. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Uganda na Malawi ulionyesha kuwa mtoto mwenye upungufu mkali wa damu asiye na dalili za hatari anaweza kuangaliwa kwa karibu bila kukimbilia kuongezewa damu. Akizidiwa, ndipo anapewa.

Nayo homa ya ini B ina kinga yake: chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Waliochanjwa kwanza walitimiza miaka 18, umri wa kuanza kuchangia damu, mwaka 2020. Wanafunzi wanaopanga foleni sasa ni wa kizazi hicho. Wachimbaji waliozaliwa kabla yao hawakuipata utotoni, na hao ndio wa kufuatwa hukohuko kwenye maduara kwa kipimo na chanjo.