Uchungu wa Supu ya Mlima Meru

Leo nataka kunena habari za kitu kisichopendwa na watoto, yaani uchungu.

Tangu kale Waarusha wakaao katika miteremko ya Mlima Meru, ambao lugha yao ni moja na ya Wamasai ingawa wao ni wakulima, wametia mizizi na magome katika supu ya nyama. Morani walikwenda msituni kwenye orpul, wakachinja ng'ombe, wakakaa siku nyingi wakila nyama na mafuta. Ulaji wa namna hiyo ungelilemea tumbo upesi. Basi katika sufuria walichemsha olkiloriti, ambao ni mgunga wa namna moja, hata supu ikawa nzito kwa rangi, yenye ukakasi mdomoni. Walisema kwamba huyeyusha chakula, huleta hamu ya kula, tena humpa kijana ushujaa. (Hilo la ushujaa sina mizani ya kulipimia.) Wachaga nao, majirani upande wa Kilimanjaro, hutia gome chungu la msesewa katika mbege.

Merker, afisa wa Kidachi, alitoa kitabu cha habari za Wamasai mwaka 1904, akataja ndani yake miti na dawa zao. Baadaye sana, katika miaka ya 1990, mtaalamu Timothy Johns wa Kanada na wenzake walichunguza mimea itiwayo katika supu na maziwa na Wamasai na Wabatemi wa Ngorongoro. Waliona kwamba mingi ina vitu viwezavyo kupunguza mafuta katika damu. Na ulimi uonjapo uchungu, mate hutoka na tumbo hujiweka tayari. Ndiyo maana Ulaya nako watu hunywa vileo vilivyotiwa mizizi michungu kabla ya kula.

Lakini si kila kichungu ni cha supu. Olmukutan hutumiwa kutoa tegu, nayo huendesha tumbo kwa nguvu. Akizidisha kipimo, mtu huumia. Zamani kipimo kilikaa mkononi mwa mzee aliyeujua mti. Leo mtu wa mjini hununua fungu la magome njiani, asijue jina lake wala kiasi chake. Na mti uliomenywa gome kuzunguka shina lote hufa.

Aliye na babu aliyekwenda orpul na amwulize majina hayo, ayaandike pamoja na vipimo vyake.