Vumbi la Dodoma na Pumzi ya Usiku

Nilifundisha historia kwa miaka 33, na katika muda wote huo sikupata kufikiri kwamba kipande cha kitambaa cheupe, ambacho hakizidi upana wa vidole vitatu, nacho kina historia yake. Nimekuja kuijua baada ya kustaafu, na nimeijua kwa taabu.

Mke wangu ndiye aliyeanza kuiona shida. "Baba Neema," aliniambia asubuhi moja, "wewe hukoromi tu. Unakoroma, kisha unanyamaza kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Jana usiku nilikaa nikihesabu." Nilimcheka. Kwetu sisi kukoroma ni dalili ya uchovu au ya shibe, si ugonjwa. Lakini sikucheka siku niliposinzia kwenye usukani karibu na Gairo, nikazinduliwa na honi ya lori lililokuwa likinijia. Gari langu lilikwisha kuvuka mstari wa katikati. Kiti cha nyuma alikuwa amelala mjukuu wangu.

Daktari alinieleza kwamba nilalapo koo hulegea likaziba njia ya hewa. Pumzi hukatika, na kila ikatikapo ubongo hulazimika kuniamsha kidogo ili nivute hewa. Hayo hutokea mara nyingi kwa usiku mmoja, ndiyo maana mchana nilikuwa kama mlinzi aliyekesha lindoni. Tiba yake ni mashine ndogo inayosukuma hewa kwa mrija hadi kwenye barakoa ya puani, ili msukumo huo uzuie koo lisijifunge. Mwanangu aishiye Uingereza aliinunua akaniletea.

Kwa mazoea ya kazi yangu nilitaka kujua chanzo chake. Kabla ya 1980, mgonjwa aliyezidiwa na maradhi haya alitobolewa tundu kooni ili apumulie hapo. Juni 1980, huko Sydney, Australia, mgonjwa mmoja aliyelikataa tundu hilo alikubali kujaribiwa na Dkt. Colin Sullivan kwa njia mpya, ya kusukumiwa hewa puani. Mwaka 1981 Sullivan na wenzake walieleza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa watano waliotibiwa hivyo. Msukumo waliotumia ulikuwa mdogo, kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji, yaani nguvu ile inayotosha kutoa mapovu ukipuliza mrija uliozamishwa katika bilauri. Na mashine za mwanzo ziliendeshwa kwa mota za vyombo vya kufyonzea vumbi! Chombo kilichoundwa kunyonya vumbi la mazulia kiligeuzwa kikawa cha kumpa mtu pumzi. Basi anayelala na chombo cha namna hiyo hana budi kujiuliza: hewa ninayosukumiwa inatoka wapi?

Ya kwangu inatoka Dodoma. Anayeufahamu mji huu wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, hahitaji maelezo. Asubuhi unafuta meza, na adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mashine yangu ina mlango mdogo nyuma, na hapo hukaa vichujio viwili. Kimoja ni cha sponji ya kijivu, kinazuia vumbi la kawaida na nyuzinyuzi za nguo. Cha pili ni cheupe na chembamba, kinazuia vumbi jepesi na chavua ya maua.

Vile vyeupe vilipokwisha, niliingiwa na hofu. Nikajisemea kwamba vumbi letu ni jingi kuliko la Uingereza, basi nami niweke kinga nyingi zaidi. Nilikata kipande cha sponji ya godoro, nikaongeza kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, nikavishindilia mle pamoja na kichujio kilichokwisha kuwa chekundu. Mashine ilianza kunguruma, na hewa iliyonifikia ilikuwa hafifu. Baada ya siku chache usingizi wa mchana ulinirudia. Nikakasirika, nikaondoa kila kitu, nikalala usiku kadhaa pasipo kichujio chochote. Hapo nikavuta vumbi lote na kuilisha mota nalo.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, fundi wa magari. Aliifungua ile nafasi, akatoa unga mwekundu kwa ncha ya kidole. "Mwalimu," alisema, "ukijaza matambara kwenye filta ya lori, litapanda mlima? Na ukiitoa kabisa, injini itakaa mwaka? Filta ni ile ya gari lenyewe, na ibadilishwe kwa wakati." Nimesoma vitabu vingi, lakini sikupata somo fupi na la kweli kuliko hilo.

Historia nayo inamuunga mkono. Mwaka 1870, jijini London, mwanasayansi John Tyndall alipitisha mwali mkali wa mwanga katika chumba chenye giza, akawaonyesha watu kwamba hewa waliyoidhani safi imejaa vumbi. Kisha alivuta pumzi kupitia pamba aliyoiweka mdomoni na puani, akapuliza juu ya mwali ule. Palipopita pumzi yake mwanga ulikatika pakawa peusi, kwa sababu hapakuwa na vumbi la kuumulika. Mwaka uliofuata alieleza kifaa cha wazima moto cha kuchuja moshi, chenye pamba iliyotiwa gliserini pamoja na mkaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki walihitaji kunasa vumbi lenye mionzi, na katika kazi hiyo kilizaliwa kichujio kinachoitwa HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3.

Nilishangaa kusoma kwamba ukubwa huo ndio wenye kusumbua. Mimi nilidhani kichujio ni kama chujio la chai, kwamba kila kilicho kidogo kuliko tundu hupita. Kumbe sivyo. Chembe kubwa hugonga nyuzi zikanasa, na zilizo ndogo kabisa hurukaruka ovyo hadi nazo zikagusa nyuzi. Za katikati ndizo zipenyazo zaidi. Lakini kila uzi unaoongezwa ili kunasa vumbi humzuia pia mwenye kutaka hewa. Ndiyo maana kichujio kikali kuliko vyote si lazima kiwe bora. Kilicho bora ni kile ambacho mashine iliundwa ipumue kwacho.

Sasa nafuata utaratibu. Sponji ya kijivu naifua kila wiki kwa maji na sabuni kidogo, naikausha kabisa ndipo nairudisha, na baada ya miezi sita naitupa. Cheupe hakifuliwi. Kawaida yake ni mwezi mmoja, lakini kiangazi nakitazama kila Jumamosi, na kikibadilika rangi nakitoa bila kungoja. Naagiza vya akiba kabla havijaisha, na nahakikisha ni vya mashine yangu, kwa umbo na kwa kipimo. Mashine yenyewe nimeihamisha kutoka sakafuni nikaiweka juu ya meza, mbali na dirisha na pazia.

Jambo moja zaidi nawasihi wenzangu. Vichujio hivi vinazuia vumbi, havizuii hewa ya sumu. Gesi itokayo kwenye jiko la mkaa hupita humo kana kwamba hapana kitu. Mke wangu alikuwa na desturi ya kuingiza jiko chumbani katika usiku wa baridi wa Julai. Tumeiacha.

Mwezi uliopita nilipita tena Gairo, na mjukuu wangu alikuwa kiti cha nyuma. Safari hii yeye alilala, nami nilikuwa macho. Nilipoona pale mahali sikumwambia neno. Nilipofika nyumbani nilifungua mlango mdogo wa mashine, nikatazama rangi ya kitambaa.