Kaskazi, Kusi na Safari ya Maneno ya Wavuvi Kwenda Bara



Mji wa Singida umepakana na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai. Maziwa haya hayana kujaa na kupwa; huongezeka kwa mvua na kupungua kwa jua. Hata hivyo, mkazi wa hapa husema bila kusita kwamba maji yakijaa hupwa. Husema Mkalama iko kaskazini na Manyoni iko kusini. Akisafiri kwenda Dar es Salaam, husema anakwenda pwani. Nia ya mhadhara huu ni kuonyesha kwamba maneno hayo ya kila siku ni urithi wa wavuvi na mabaharia, na kwamba tumeyapokea majina hayo huku tukiyaacha nyuma maarifa yaliyoyazaa.

Tuanze na umbo la maneno yenyewe. Pwani ni kitenzi kupwa na kiambishi cha mahali -ni: ni mahali ambapo maji hupwa. Kaskazini ni kaskazi pamoja na kiambishi hichohicho: ni upande utokako upepo wa kaskazi. Kusini ni upande utokako kusi. Kwa hiyo ramani yote ya Tanzania, kutoka Mtwara hadi Kagera, imepewa majira ya dira na pepo mbili za Bahari ya Hindi. Haikulazimika kuwa hivyo. Katika lahaja za pwani yalikuwapo maneno mengine: kibula, kwa sababu Makka iko upande wa kaskazini yetu, na suheli, kwa jina la nyota ing'aayo upande wa kusini. Maneno hayo yamebaki katika lahaja na katika midomo ya mabaharia, lakini katika Kiswahili sanifu majina ya pepo ndiyo yaliyoshinda.

Pepo hizi zina maana gani kwa mvuvi? Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, tangu Aprili au Mei hadi Septemba hivi. Huupiga moja kwa moja upande wa mashariki wa Unguja, Pemba na Mafia, na huuongezea kasi mkondo wa bahari uendao kaskazini. Wakati huo mwenye ngalawa hubaki ndani ya mwamba, katika maji yaliyokingwa na matumbawe, kwa kuwa nje mawimbi humshinda. Kusi ikielekea kukoma huingia demani. Kisha huja maleleji, kipindi ambacho pepo hugeukageuka bila kushika njia moja, na matlai, upepo wa mashariki ambao jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mahali jua linapochomoza. Kufikia Desemba kaskazi huwa imeshika, na huvuma hadi Machi.

Baina ya kukoma kwa kusi na kushika kwa kaskazi ndipo msimu wa mwamba wa nje unapofunguka. Bahari hutulia, mkondo hupungua, na miamba ambayo kwa miezi kadhaa ilionekana tu kwa povu lake hufikika kwa chombo kidogo. Lakini utulivu wa upepo peke yake hautoshi. Mvuvi hutazama pia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji makuu na maji madogo kule Unguja hufika mita 4 hivi. Hapo miamba huanikwa wazi, na wanawake hushuka kuchokoa pweza kwa miguu. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, na mikondo katika milango ya mwamba hupungua nguvu. Kwa hiyo kusema "msimu umeanza" ni kutaja upepo, mwezi na upande wa kisiwa kwa pamoja.

Maarifa haya ni ya kale. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus cha Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya 1 Baada ya Kristo, kinakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani yetu. Kinaeleza kuwa watu wake walikuwa na mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na kwamba walitega mitego ya kusuka penye milango ya maji kati ya miamba. Anayelifahamu dema atautambua mtego huo mara moja.

Ushahidi mwingine tunaupata katika kalenda. Wavuvi na wakulima wa pwani wamehesabu mwaka wa jua kwa Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, ambayo kule Makunduchi huadhimishwa mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na kubaki siku 5. Jumla ni siku 365 kamili, bila siku ya ziada ya mwaka mrefu. Matokeo yake ni kwamba kila miaka 4 Nairuzi hurudi nyuma siku moja katika majira. Katika miaka 100 hurudi siku 25 hivi. Mwongo ambao babu aliujua kuwa wa bahari shwari haukuwa uleule kwa mjukuu wake. Ili kalenda hiyo iendelee kuwafaa, ilibidi kila kizazi kiisahihishe kwa kuitazama bahari. Hapa ndipo wakoseao hudhani kwamba mapokeo ni kukariri. Mapokeo haya yalikuwa kazi ya kupima na kurekebisha.

Maneno yalifikaje huku? Misafara ya karne ya 19 iliyapandisha bara kupitia Ugogo hadi Unyamwezi. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1967 likaanzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Shule na vitabu vikaeneza kaskazini na kusini kwa kila mtoto. Maleleji, matlai na demani hayakupata bahati hiyo.

Hasara yake si ya wanaisimu pekee. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa Kiswahili, ikitaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Takwimu hizo huokoa maisha. Lakini upepo wa kasi ileile ukiwa kusi hufunga upande mmoja wa kisiwa, na ukiwa kaskazi hufunga mwingine. Jina la upepo hubeba habari ambayo takwimu peke yake haiibebi. Na majira yanapobadilika, kama tunavyoyaona yakibadilika, tutahitaji zaidi ule uzoefu wa kusahihisha mwongo kwa kuitazama bahari.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, watunga kamusi wasiridhike kufafanua maneno haya kuwa "aina ya upepo". Wataje miezi, mahali na kazi inayofanywa, na waandike mwaka ambao maelezo hayo yalikusanywa. Pili, mwalimu wa Singida anapofundisha dira, aanze na upepo. Mtoto wa hapa, ambaye maji ya chumvi anayoyajua hayapwi, ana haki ya kujua kwa nini upande wa Mkalama anauita kaskazini.