Ua wa Bibi: Ukitaka Kujua Watu Walikuwa Wanaogopa Nini, Tazama Uzio Wao

Wadau, leo naomba tuziweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Nina stori ya uzio. Ndiyo, uzio wa mbao. Msiondoke kwanza.

Masika yaliyopita ua wa bibi yangu pale Temeke ulilala chini. Haukuanguka kwa kishindo, uliinama taratibu kama mlevi anayetafuta pa kukaa. Asubuhi tukakuta mabanzi yamelalia matembele yake. Mchwa walishamaliza vitako vya nguzo zamani, ulikuwa umesimama kwa mazoea tu.

Kikao cha familia kikafunguliwa WhatsApp. Mjomba aliye nje akasema hilo jambo dogo: anatuma hela, upigwe ukuta wa tofali, geti la chuma, na juu zipangwe chupa. Kundi zima likajaa vidole gumba. Bibi, ambaye hana hata simu ya kupangusa, akasikilizishwa ile sauti. Akasema, "Sitaki." Kisha akaongeza, "Nipigieni mabanzi kama yalivyokuwa. Na ule upenyo wangu muuache."

Upenyo wenyewe ni nafasi ya mabanzi mawili upande wa jirani, panapita bakuli vizuri. Kwa zaidi ya miaka 30 pale pamepita makaa ya moto, chumvi, futari, panadoli na umbea wa kila daraja. Mimi ndiye niliyepewa usimamizi, na kwa kuwa fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, nikajikuta naanza kujiuliza: hivi sisi tulianza lini kujizungushia? Na tulikuwa tunamzuia nani?

NENO LENYEWE LINAONGEA

Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Ua ni uzio, na ua ni ile sehemu iliyozungushiwa. Kwa hiyo ukisema "mama yuko uani" unasema yuko ndani ya uzio. Wigo nao ni uzio, ila siku hizi unalisikia kwa wanasiasa tu, "kupanua wigo wa kodi". Ukiitafsiri kizamani ni kusogeza ua wa kodi mpaka ufike kwako. Naona hawajakosea sana.

Kaya nayo: kwetu Tanzania mkuu wa kaya ni baba au mama mwenye nyumba. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi ya wazee wao yaliyofichwa katikati ya msitu na kulindwa kwa maboma ya miti. Misitu hiyo mpaka leo ni mitakatifu, na mwaka 2008 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukivuka mpaka kwenda Rwanda na Burundi ndiyo kabisa. Urugo ni uzio, urugo ni nyumba, urugo ni familia. Kwa Kinyarwanda, kijana akioa wanasema amejenga urugo. Yaani ndoa ni kupiga uzio! Buganda nako uzio wa matete ya kusukwa ndio uliotangaza kwamba hapa anaishi mkubwa, na mafundi wa kusuka matete walikuwa na heshima yao.

Sasa sikia hii. Neno la Kijerumani la uzio, Zaun, ni ndugu wa damu wa neno la Kiingereza la mji, town. Na ile pepo ya Firdausi tunayoombeana kwenye misiba, wanaisimu wanalifuatilia neno lake hadi kwenye lugha za kale za Uajemi, ambako lilimaanisha bustani iliyozungushiwa ukuta. Binadamu alipotafuta picha ya raha isiyo na mwisho, aliwaza mahali penye uzio.

SIMBA KWANZA, BINADAMU BAADAYE

Uzio wa kwanza wengi wetu tunaukumbuka kwa jina la boma. Kwa Wamasai ni duara la matawi ya miti ya miiba, mifugo inalala ndani, simba na fisi wanabaki na hasira zao nje. Kazi imegawanywa: wanawake wanajenga nyumba, wanaume wanapanga miiba. Hapo adui ana mkia na anajulikana.

Karne ya 19 adui akawa na miguu miwili. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipokuwa inapita bara kwenda Bagamoyo na Kilwa, vijiji vingi vilijifunga kwa maboma ya magogo yaliyosimikwa karibu karibu, na milango myembamba inayozibwa usiku. Unyamwezini, enzi za Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, kijiji kisicho na boma kilikuwa kama simu isiyo na nywila. Baadhi ya magogo yalikuwa ya miti mibichi ambayo ilishika mizizi na kuchipua, hivyo uzio ukawa unakua wenyewe.

Hebu fikiria mtu aliyekata yale magogo. Jina la mtemi tunalo. Jina la aliyechimba shimo la nguzo ya mia mbili, mikono ikiwa na malengelenge, huku anasikiliza kama milio ya bunduki inasogea, hatunalo. Watoto waliolala salama usiku ule walilala kwa sababu yake.

MAKUTI YA KUMBA NA SIRI ZA UANI

Pwani hadithi ni nyingine. Huku uzio ulikuwa kwa ajili ya macho zaidi kuliko simba.

Kuna makuti ya viungo, hayo ni ya kuezekea. Na kuna makuti ya kumba, kuti zima lililosukwa, hayo ni ya kuzungushia ua na choo. Mnazi ukishuka, mwanamke anakaa chini kwenye mkeka, anasuka kuti moja baada ya jingine, halafu yanafungwa kwenye fito na miti ya mikoko. Mikoko ni miti ya heshima: mchwa wanaiogopa, na biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba majahazi yalibeba boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Oman na Ghuba yote. Vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo, upana wa chumba uliishia pale boriti ilipoishia. Leo mikoko inalindwa kisheria, hukati tu kwa kujisikia.

Ile nyumba ya Kiswahili unayoijua, korido katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na nyuso mbili. Mbele baraza, wanaume, kahawa na bao. Nyuma ua, jiko, kisima, choo, na wanawake wakiwa huru na kanga zao. Ndani ya ule uzio wa makuti wasichana walifundwa, ngoma zikapigwa, mikopo ikakopwa na ndoa zikavunjwa au kuokolewa. Kitchen party yako ya ukumbini na rangi maalum ya sare, mjukuu wake ni huyo.

Makuti yanaoza, yanawaka moto, yanatoboka. Ndiyo maana kila baada ya muda yalibidi kusukwa upya. Uzio ule ulikuwa hauna maana kama jirani ameamua kuchungulia. Ulisimama kwa adabu ya watu wa nje kuliko kwa nguvu ya miti yake.

MKOLONI AKAJA NA RAMANI

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Jengo la serikali likaanza kuitwa boma, na "kwenda bomani" ikawa ni kwenda kulipa kodi au kushtakiwa. Neno lililokuwa la kumlinda ng'ombe likawa la kumtisha mwenye ng'ombe.

Halafu Dar ikagawanywa. Wajerumani walianza na Waingereza wakaendeleza, mji ukapangwa kwa aina ya ujenzi. Nyumba za mtindo wa Kizungu upande mmoja, maduka ya mawe na saruji upande mwingine, na nyumba za miti, udongo na makuti upande wao. Kwenye karatasi hakukuwa na haja ya kuandika sana rangi ya ngozi, vifaa vya ujenzi vilifanya kazi hiyo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kambi ya wapagazi wa vita kuu ya kwanza. Ule uwanja tunaopigia picha za harusi ulikuwa uzio usio na nguzo hata moja.

Kwa hiyo mtu aliyefunga ua wake kwa mabua na madebe yaliyokunjuliwa hakuwa mchafu wala mvivu. Alikuwa anajenga kwa kilichoruhusiwa na kilichopatikana, kwenye kiwanja ambacho wakati wowote angeweza kuambiwa ahame.

MPAKA UNAOOMBA MSAMAHA

Kabla sijarudi Temeke, pandeni nami Kilimanjaro dakika moja. Kwa Wachaga mpaka wa kihamba hupandwa masale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani. Ukiona masale unajua hapa ndipo pa fulani panapoishia. Lakini jani hilo hilo la sale ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Ukiletewa sale, kukataa ni mzigo mzito.

Nimelifikiria sana hili. Kitu kinachotutenganisha ndicho kinachotumika kuturudisha. Waliobuni utaratibu huo walijua kwamba watu wanaopakana lazima watagombana, wakaipanda dawa palepale mpakani.

CHUPA, UMEME NA "MBWA MKALI"

Twende mbele. Enzi za Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, kuanzia mwaka 1985, milango ya biashara ilifunguka. Hela zikaonekana, na penye hela pana wivu, na penye wivu pana tofali. Michongoma na minyaa ikang'olewa. Kuta zikapanda, kwanza kifuani, halafu kichwani, halafu huoni paa. Chupa zilizovunjwa zikapangwa juu, ikafuata seng'enge, na sasa nyaya za umeme zinazotoa mlio. Getini kibao cha MBWA MKALI, na wote tunajua nyumba nyingine hazina mbwa, zina kibao tu.

Simsemi mtu vibaya. Wizi upo, na aliyevamiwa usiku hawezi kufundishwa ujirani na blogu. Ila uzio wa safari hii unalinda kitu kingine pia. Unasema "nimetoka kimaisha". Tumeufanya kama gari.

Mabanzi yakabaki kwa wasio na haraka na wasio na hela. Mengine yanashuka na malori kutoka Mufindi, kwenye msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Ni yale maganda ya gogo yanayobaki mbao nzuri zikishapasuliwa. Yaani uzio wa maskini ni mabaki ya dari ya tajiri.

TURUDI KWA BIBI

Fundi alipofika aliamkia, "Shikamoo bibi," akapewa chai kwanza. Kisha akanifundisha. Kitako cha nguzo unakichoma kidogo kwa moto, kikipoa unakipaka oili chafu, mchwa hawapendi. Shimo futi mbili, kokoto chini ili maji yasikae. Banzi lisiguse ardhi, acha nafasi ya vidole viwili. Mambo haya hakuyasoma popote, alifundishwa na mzee mmoja ambaye naye alifundishwa.

Tulipofika kwenye upenyo nikajaribu mara ya mwisho. "Bibi, mwizi akipita hapa?"

Akacheka. "Mume wangu, mwizi wa bakuli?"

Halafu akaniambia nisichokijua. Miaka michache nyuma alianguka usiku akitoka chooni. Presha. Hakuweza kusimama, hakuweza kupiga kelele, aliweza kugonga tu, akagonga banzi kwa kandambili. Jirani, shoga yake, akasikia kupitia upenyo. Akaja kwa kuzunguka nje, akiwa na kanga moja, akamwamsha mwanawe na bodaboda. Sisi wenye simu za kupangusa tuliambiwa asubuhi kwamba bibi "alijisikia vibaya kidogo". Mjomba mpaka leo hajui, atajulia hapa. Shikamoo mjomba.

Uzio ulikamilika kwa siku tatu. Unanukia oili na msonobari. Upenyo upo.

Lakini siku ya mwisho mtoto wa jirani alikuja na futi ya kupimia, kijana mstaarabu tu, akatuambia mwakani wao wanapiga tofali upande wao. Shoga wa bibi alikuwa amesimama nyuma yake, kimya, mikono kiunoni. Bibi akamtazama kijana, akasema, "Sawa baba. Mniachie kidirisha."

Kijana akasema ataangalia na fundi.

Basi nawauliza, wadau: kwenu uzio ni wa nini, na ukianguka usiku, nani atasikia ukigonga? Mtiririke hapo chini. Na kama kuna anayejua jina la mtu aliyesuka au kuchimba ua wa kwanza wa kwao, aliandike. Wameshakaa bila majina muda mrefu.